Soda ya Dalali

Asubuhi kwa kina Marietha ilianza kwa foleni. Walikuwa wamepanga vyumba viwili Tandika, katika nyumba yenye wapangaji wengi na choo kimoja. Marietha, binti wa darasa la sita, aliamka, akasali sala yake fupi kando ya godoro, akasimama foleni ya choo, akasimama foleni ya bomba, kisha akafagia kipande chao cha uwanja. Mwenye nyumba alikuwa ameugawa uwanja ule vipande vipande, na ole wake mpangaji ambaye takataka yake ingevuka kwenda kwa mwenzake. Baada ya hapo ndipo alipovaa sare akaenda shule.

Baba yake, Venance, alikuwa mchonga vinyago kutoka kusini, na vumbi la mpingo ndilo lililowaponza. Mwenye nyumba alikuja akasema vumbi lile linamharibia rangi ya ukuta. Hazikupita siku nyingi akaja tena: anavitaka vyumba vyake mwisho wa mwezi, mpangaji mwingine ameshalipa. Anjelina, mama yake Marietha, alimsikiliza akiwa amesimama na mwiko mkononi. Alipoingia ndani aliutupa ule mwiko sufuriani kwa kishindo, hadi mdogo wake Marietha akaanza kulia.

"Sipangi tena," alisema. "Nimechoka kuulizwa hata nikipiga chafya. Kwa akiba hii hii tutafute chetu, hata kama ni kibanda."

Kutafuta nako kulikuwa adhabu. Dalali wa kwanza aliwapeleka Pugu kuona nyumba ambayo kwenye picha ya simu ilikuwa na vigae na madirisha ya vioo. Walipofika wakakuta kuta nne na mbuzi ndani yake. Dalali akadai ujira wake wa kuwaonyesha vilevile. Wa pili aliwapeleka Wazo, kwenye nyumba nzuri kweli, lakini kabla hawajamaliza kuitazama akatoka ndugu wa muuzaji akasema haiuzwi, na anayetaka kuuza akauze chake. Kila Jumamosi Anjelina alirudi na vumbi miguuni na ulimi mkali, na yeyote aliyemgusa alipata la kwake.

Ndipo akaja Stanley, kijana wa maneno matamu, aliyemwita Anjelina "mama" na Venance "mzee wangu" tangu walipoonana mara ya kwanza. Nyumba aliyokuwa nayo ilikuwa Goba, juu ya mteremko: vyumba viwili, sebule, na paa zima. Muuzaji, bwana mmoja aitwaye Fakihi, alisema anahamia mkoani. Njia ya kuingilia ilitoka barabarani, ikapita pembeni mwa kiwanja cha chini, ikapanda hadi mlangoni. Ilikuwa pana, gari linapita.

Siku ya kuandikishana walikwenda wote. Kiwanja kikiuzwa, majirani wa mipakani huitwa washuhudie, na kiongozi wa mtaa huwapo. Stanley akasema mwenyekiti wa mtaa amesafiri, watamfuata baadaye agonge muhuri. Venance alisita, lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umemkaba kooni, akakubali. Jirani wa kiwanja cha chini ndiye huyu, Stanley akasema, akamsogeza mbele mzee mmoja mwenye kofia ya mviringo.

Marietha alimtazama yule mzee. Alikuwa amemwona akishuka kwenye bodaboda moja na Stanley, kisha akaitoa kofia mfukoni na kuivaa. Kwenye geti la kiwanja cha chini palikuwa na bata mzinga mkubwa, na bata yule, alipomwona huyo aliyeitwa mwenye kiwanja, alitanua mkia akamkimbilia, mzee akajificha nyuma ya Stanley. Halafu Marietha akamsikia akinong'ona: "Sasa wa kwangu ni upande upi?"

Marietha akaivuta khanga ya mama yake.

"Marietha, wakubwa wanaongea," Anjelina akamwambia bila kugeuka.

Stanley alikuwa ameona. Akamshika bega, akampeleka kwenye genge la jirani, akamuuliza ana shida gani. Marietha akamweleza alichokisikia. Stanley akacheka.

"Yule ni mtu mzima, mdogo wangu, anasahausahau. Usimchoshe mama. Si unaona mwenyewe alivyohangaika?"

Akamnunulia soda ya baridi, chupa nzima ya peke yake. Marietha akainywa. Ilipofika nusu alikuwa ameshajiambia kwamba pengine hakusikia vizuri. Ilipokwisha, wakubwa walikuwa wameshatia saini na kupeana mikono.

Siku ya kuhama, mpangaji mpya wa Tandika alifika na godoro lake kabla hawajamaliza kufunga vyombo. Walipakia kwa kukanyagana. Ferdinand, dereva wa kenta waliyoikodi, alisema hajawahi kuona familia yenye magogo mengi kuliko masufuria, na hata Anjelina akacheka.

Kicheko kiliishia Goba. Pale njia ilipoanzia palikuwa na ukuta wa matofali, wa kimo cha kiuno, saruji yake bado mbichi. Nyuma yake alisimama mama mtu mzima mwenye ushungi mweupe, mikono kiunoni, bata mzinga ubavuni pake.

"Hapa hapapiti mtu," alisema.

Anjelina alishuka garini, akasema wao ndio wenye nyumba ya juu, wameinunua pamoja na njia yake. Yule mama, aliyeitwa Bi Hayat, akauliza njia hiyo wameinunua kwa nani, maana imo ndani ya kiwanja chake. Fakihi alikuwa akipita kwa hisani tu, tena kwa ahadi ya kuchimba mfereji, kwa kuwa kila masika maji ya mvua yalitoka kwake juu yakaingia jikoni kwa Bi Hayat. Hakuinua jembe hata siku moja. Kisha Bi Hayat akaenda Tanga kumzika dada yake, na aliporudi akakuta nyumba imeuzwa na njia yake ndani.

"Lakini mwenye kiwanja alishuhudia," Venance akasema. "Mzee mmoja mwenye kofia."

"Mwenye kiwanja ni mie. Mume wangu nilishamzika. Huyo mzee wenu mmemtoa wapi?"

Venance akampigia Stanley, simu haipatikani. Ya Fakihi iliita, ikakatwa. Hapo Anjelina akaanza kusema, na alipoanza hakusimama. Alimsema Stanley, akamsema Fakihi, akamsema mwenye nyumba wa Tandika, akamaliza na mwanamke anayejenga ukuta mbele ya watoto wa watu. Bi Hayat naye hakuwa bubu. Ferdinand, aliyekuwa na mzigo mwingine wa kufuata, akairudisha kenta nyuma hadi karibu na ukuta, akashusha kila kitu kando ya barabara: vitanda, meza, magogo ya mpingo, masufuria, wapita njia wakitazama. Mwishowe baba na mama wakaondoka pamoja kumtafuta mwenyekiti, Bi Hayat akaingia ndani kuswali, na Ferdinand akaenda gengeni kungoja malipo yake. Marietha akabaki na mdogo wake kulinda vyombo.

Alikaa juu ya gogo akiutazama ukuta. Hasira ikampanda hadi masikio yakamchoma. Alimchukia Bi Hayat, akamchukia na bata wake. Lakini chini ya hasira ile palikuwa na ladha ya soda, na hiyo ndiyo iliyomwinua. Akausukuma ukuta kwa mikono miwili. Tofali la juu likacheza. Akasukuma tena kwa mguu, na kipande kizima kikaangukia upande wa pili, juu ya bomba la maji. Bomba likapasuka, maji yakaruka juu.

Bi Hayat alitoka mbio. Akayaona matofali, akaiona kenta imesimama pale pale, akamgeukia Ferdinand aliyekuwa anakuja mbio kutoka gengeni. Ferdinand aliapa kwamba gari lake halikugusa kitu. Watu wakajaa. Kijana mmoja akachomoa ufunguo wa gari, akasema haondoki mtu mpaka bomba litengenezwe. Venance na Anjelina walipotokea na mwenyekiti, Mzee Nurdin, dereva yule wa maskhara alikuwa bado anaapa.

"Gari si langu," alimwambia mwenyekiti. "Tajiri akisikia nimevunja ukuta wa watu, leo leo sina kazi." Akamgeukia Marietha. "Mdogo wangu, wewe ulikuwa hapa. Niligusa ukuta mie?"

Marietha akafungua mdomo. Akaikumbuka ile soda ya gengeni. Akamtazama Ferdinand, akaona macho yake yamejaa machozi, mtu mzima yule.

"Ni mimi," alisema. "Niliusukuma mimi."

Na yaliyobaki yakatoka yenyewe. "Na yule mzee wa kofia nilimsikia anauliza upande wake ni upi. Nilimwambia kaka Stanley. Akaninunulia soda, nikanyamaza."

Maji yaliendelea kutiririka. Anjelina aliinua mkono, na Marietha akafumba macho. Kofi halikuja.

"Alinivuta khanga," Anjelina alimwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Siku ile alinivuta khanga, mie nikamnyamazisha."

Mzee Nurdin akarudisha ufunguo kwa dereva. Kisha akawageukia wazazi, na hakuwabembeleza. Yeye hakusafiri popote, alisema. Siku ile ofisi ilikuwa wazi, na yeye alikuwa ndani. Mtu ananunuaje nyumba asiulize ofisini, asipige hodi kwa jirani hata mmoja? Venance aliinamisha kichwa.

Bi Hayat alifunga maji, akarudi, akamsimamia Marietha.

"Umenivunjia ukuta na bomba. Sisamehi kwa maneno. Matofali haya utayasomba moja moja uyapange pale, na saruji utaibandua kwa mkono wako. Umesikia?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hujanisalimia tangu umefika."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akawageukia wazazi. "Watoto hawalali barabarani. Ingizeni vyombo uani kwangu, kuna chumba tupu. Ila hasira yangu iko pale pale."

Fakihi hakuwa amehamia mkoa wowote. Mzee Nurdin alimfahamu kaka yake, na kupitia kwa kaka huyo akaletwa ofisini. Mbele ya watu alikiri kwamba mzee wa kofia alikodiwa. Anjelina alimwambia maneno ambayo Fakihi hakuwa na pa kuyakwepa, na hakuna aliyemzuia. Fakihi akabebeshwa gharama ya bomba na saruji ya mfereji ule aliouahidi. Habari za Stanley na mzee wake zikapelekwa polisi, na baada ya muda wote wawili wakakamatwa wakijaribu mchezo ule ule mtaa mwingine.

Nguvu ya kuchimba ilikuwa ya kina Marietha. Ardhi ya Goba mteremkoni ni ngumu, ina mawe. Venance alichimba, Anjelina alizoa udongo, na Marietha kila akitoka shule alibandua saruji kwenye matofali mpaka vidole vikaota malengelenge. Mvua ya kwanza iliponyesha, Bi Hayat alisimama mlangoni mwa jiko lake akiyatazama maji yakipita kwenye mfereji kwenda barabarani. Hakusema asante. Alituma mtu kwa Mzee Nurdin, aje waandikiane njia.

Safari hii walikuja majirani wenyewe. Kabla hajagonga muhuri, Mzee Nurdin aliuliza kama kuna mwenye neno. Marietha alimtazama mama yake. Anjelina akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Kile kigingi cha mpaka sipo kilipokuwa," Marietha alisema. "Tulikigonga tulipokuwa tunachimba, baba akakirudisha. Lakini kimeingia kwa Bi Hayat."

Wakapima. Kilikuwa kimeingia kweli, hatua nzima. Venance alijikuna kichwa, watu wakacheka, kigingi kikahamishwa, muhuri ukagongwa.

Walipokuwa wanasubiri chai, Anjelina alimwita binti yake kando.

"Hasira si kosa, mwanangu. Mie mwenyewe ninazo, Mungu ananiona. Lakini hasira yako ya ukuta ilikuja imechelewa. Ingekuja siku ile pale gengeni, ingetuokoa sote. Ukiona jambo linapindishwa, liseme kwa adabu. Mama akikunyamazisha, ngoja amalize, kisha useme tena. Na mtu akikupa kitu ili unyamaze, mrudishie kitu chake."

Bi Hayat alikuwa amesimama nyuma yao na sinia ya soda. Akamnyooshea Marietha chupa. Marietha hakuipokea.

"Ya nini, bibi?"

"Ya kiu," Bi Hayat akasema. "Umeshasema uliyokuwa nayo. Kunywa."

Marietha akaipokea kwa mikono miwili. Bata mzinga akapita karibu na miguu yake, hakutanua mkia.