Kiraka Kilicholala Kwenye Mtoto wa Meza

Ndugu zangu, kisa hiki si cha mlevi wala mwizi. Hao tunawajua na njiani tunawakwepa. Hiki ni kisa cha mtu mwema, msomi, mcha Mungu, aliyekaa benchi la mbele kanisani na kuamkiwa na watu kabla yeye hajawaamkia. Ninawasimulia kwa sababu ugonjwa wake tunao wengi wetu, na hata hatuuiti ugonjwa.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwaka 1977, Asukile alikuwa ameketi barazani kwake mjini Mbeya, ameinyoosha miguu juani, maana baridi ya Mbeya miezi hiyo haina adabu. Mkewe Marta alikuwa anamimina chai ya maziwa. Mgeni wao alikuwa Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Usangu mwaka uliotangulia pamoja na mkewe Roza na mwanao Seni. Alikuja mjini na kibuyu cha samli kwa ajili ya Marta, na kwa shida moja tu: kuhakikisha ng'ombe wake hamsini na nane wameandikishwa wapate chanjo ya kimeta, ule ugonjwa unaomwangusha ng'ombe jioni wakati asubuhi alikuwa anakula majani.

Budeba alipomaliza kikombe cha pili aliuliza kama jina lake limeshaingia kwenye ile mashine ya ofisini kwa Asukile.

"Nimeliingiza kwa mkono wangu," Asukile alisema. "Wewe ni wa mia na sitini. Wa mwisho kabisa."

"Wa mwisho si ndiye anayesahauliwa?"

"Mashine haisahau, ndugu yangu."

Budeba alicheka, akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, akaenda stendi kutafuta lori la kumrudisha Usangu. Asukile alibaki ameshika kikombe. Alikuwa amesema uongo, na aliujua.

Mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo shina la mambo lilipo. Asukile alifanya kazi katika mradi mmoja wa mifugo uliokuwa na kompyuta mbili, moja Mbeya na moja Iringa, kubwa kama makabati ya nguo. Kompyuta hizo zililishwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Programu zote alizoziandika Asukile ziliazima kazi kutoka utepe mmoja mkuu ulioitwa maktaba. Humo mlikuwa na vipande vilivyokwisha kutengenezwa na waliouza mashine huko Ulaya: kipande cha kujumlisha, cha kupanga majina, cha kuchapa orodha. Mwandishi wa programu hakuwa na haja ya kuvitunga upya, kama vile mpishi asivyofinyanga chungu kila anapotaka kupika.

Sasa, kile kipande cha kuchapa orodha kilikuwa na kasoro. Kilikusanya majina ishirini ishirini kabla ya kuyachapa. Orodha ikiwa na majina ishirini kamili, au arobaini, au mia na sitini, jina la mwisho lilimezwa. Mashine haikupiga kelele wala haikusimama. Jina lilitoweka tu, na karatasi ikatoka safi, inapendeza.

Asukile ndiye aliyeigundua kasoro hiyo, na hapo anastahili sifa zake zote. Alikesha nayo wiki mbili, akawaandikia watengenezaji, na baada ya miezi mitatu bahasha ikaja. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja na kipande cha utepe kirefu kama mkono wa mtoto. Kilikuwa kiraka. Barua ilieleza wapi pa kukata kwenye utepe wa maktaba, wapi pa kukibandika kwa gundi, na ikamwomba atoe nakala kwa kila ofisi inayotumia maktaba hiyo.

Hakukibandika. Alikirudisha kwenye bahasha, akakitia kwenye mtoto wa meza yake, akafunga kwa ufunguo.

Kwa nini? Kwa sababu wakati akisubiri bahasha alikuwa amepata ujanja wake. Orodha ikiangukia kwenye ishirini kamili, aliongeza mstari mmoja mtupu mwishoni, hesabu ikapita ishirini kamili na majina yote yakabaki. Ujanja huo aliujua yeye peke yake. Iringa hawakuujua. Basi wafugaji wa kule walipolalamika kwamba wamerukwa, simu ilipigwa Mbeya, na Asukile akafuatwa kwa Landrova ya mradi. Akifika, alichinjiwa kuku. Aliwaomba watu wote watoke chumbani, akaongeza mstari wake mtupu, akakaa saa nzima akisoma gazeti, kisha akatoka anajifuta jasho. Watu walimwita Injinia. Yeye hakuwa injinia, lakini hakuwasahihisha.

Marta alimwuliza siku moja kwa nini asiwafundishe wenzake apumzike na safari. Akamjibu, "Mama Mika, nikiwafundisha wote, mimi watanihitaji kwa lipi?" Marta alikuja kuyakumbuka maneno hayo baadaye, akajilaumu kwa kunyamaza.

Mwezi wa sita Asukile alichukua likizo kwenda Tukuyu kuezeka nyumba ya baba yake kwa mabati. Nafasi yake ilishikwa na Lutengano, kijana mtaratibu kutoka ofisi ya Iringa, ambaye alifika siku moja kabla ili akabidhiwe kazi. Walizunguka chumba pamoja. Lutengano aliandika kila kitu kwenye daftari lake, na mwishoni akauliza swali ambalo Asukile amelisikia kichwani mwake kila siku tangu wakati huo.

"Ndugu Asukile, kuna jambo lolote la kuangalia ambalo halimo humu nilimoandika?"

Kiraka kilikuwa kwenye mtoto wa meza, hatua tatu kutoka waliposimama. Asukile alikitazama kile kitasa. Akawaza ile Landrova ikija kumfuata Tukuyu mbele ya ndugu zake wote, wazee wakiuliza huyo anayefuatwa na gari la serikali ni mtoto wa nani.

"Hakuna," akasema. "Ni kazi ya kawaida tu." Akaondoka na funguo zote mfukoni, pamoja na wa kabati lenye fomu walizojaza wafugaji.

Lutengano alichapa orodha ya Usangu. Utepe ulikuwa na majina mia na sitini, karatasi ikatoka na mia na hamsini na tisa. Timu ya chanjo ikaenda nayo bondeni.

Zamu ya Budeba ilipofika, mkuu wa timu alipitisha kidole kwenye karatasi mara mbili na hakumwona. Amri ilikuwa kali: asiyekuwemo kwenye orodha ahesabiwe kuwa ameingiza ng'ombe bila kibali, asichanjiwe. Budeba alisema ameandikwa na Asukile mwenyewe. Wale wenyeji waliochanjiwa ng'ombe wao walimtazama mgeni huyu kwa macho ya kumshuku, na mmoja akasema wahamiaji ndivyo walivyo, kila mmoja ameandikwa na mtu ambaye hayupo.

Budeba alipanda lori hadi Mbeya. Lutengano, kwa nia njema kabisa, alichapa orodha upya mbele yake, na ikatoka vilevile. Fomu zilikuwa kabatini na ufunguo ulikuwa Tukuyu. Marta alipoyasikia hayo alimpa kondakta wa basi ujumbe ampelekee mumewe: orodha ya Usangu ina tatizo, jina la Budeba limepotea, rudi leo. Hiyo ilikuwa Jumanne. Chanjo iliyobaki ilikuwa ingali kwenye barafu, na timu ilipangiwa kuondoka kwenda Chunya siku ya Alhamisi.

Ujumbe ulimfikia Asukile Jumanne hiyohiyo alasiri, akiwa juu ya paa na nyundo mkononi. Aliposoma alijua papo hapo kilichotokea. Angeweza kushuka na kuwahi basi la mwisho. Ndugu zangu, naona aibu kulisema hili: alitabasamu. Akajisemea, wacha wahangaike siku mbili tatu, watajua thamani ya mtu. Akaendelea kupigilia mabati.

Alirudi Jumamosi. Hakukuwa na Landrova, alikuja kwa basi. Marta alimfungulia mlango na hakumpokea mzigo.

"Kimeta kimeingia Usangu," alimwambia. "Kimeingia zizini kwa Budeba."

Asukile hakukaa. Alikwenda ofisini, akafungua mtoto wa meza, akatoa kiraka. Alikata utepe wa maktaba pale barua iliposema, akapaka gundi, akabandika, akashikilia kwa vidole mpaka ikashika. Lutengano alisimama pembeni akitazama. Mashine ilichapa orodha, na chini kabisa, baada ya wote, likatokea jina la Budeba na ng'ombe wake hamsini na nane. Lutengano alilisoma, kisha akasoma tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya watengenezaji. Ilikuwa ya mwezi wa pili.

"Ulikuwa nacho siku ile nilipokuuliza," alisema. Asukile aliitikia kwa kichwa tu.

Jumatatu alikwenda Usangu na ile karatasi. Alipofika, moshi wa kuchomea mizoga ulikuwa ungali unafuka nyuma ya zizi. Ng'ombe thelathini na wanne walikuwa wamekufa, wakiwemo wote wenye maziwa, na wale kumi na wawili waliotengwa kwa mahari ya Seni. Ukweni walikuwa wameshatuma neno kwamba binti yao hawezi kusubiri. Seni alikuwa amefunga virago kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya chai, na hakumsalimia mgeni.

Roza alimletea kigoda, kisha akaleta chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. "Utusamehe, shemeji," alisema kwa upole, "maziwa hakuna." Hakujua anayemwomba msamaha ni nani.

Asukile aliweka kikombe chini. Alimweleza Budeba yote, kasoro, kiraka, mtoto wa meza, ujumbe alioupata akiwa juu ya paa. Budeba aliichukua karatasi, na kwa kuwa hakujua kusoma, alimwomba Asukile amwonyeshe jina lake lilipo. Akaweka kidole gumba juu yake.

"Kwa hiyo nilikuwamo."

"Ulikuwamo."

"Na hicho kiraka, kukibandika kulichukua muda gani?"

Asukile aliinamisha kichwa. "Robo saa."

Budeba aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuwanywesha maji ng'ombe waliobaki. Hakumtukana, wala hakumshitaki popote. Miezi michache baadaye alihama Usangu na hakuna aliyejua alikoelekea. Asukile aliandika ofisini kukiri kosa lake ili Lutengano asilaumiwe, akaondolewa kwenye chumba cha mashine na kupelekwa stoo. Lutengano alipeleka Iringa nakala ya maktaba iliyotibiwa, akawafundisha wenzake watatu kila alichokijua. Hakuna aliyewahi kumwita Injinia.

Kibuyu cha samli bado kipo jikoni kwa Marta. Hakijaoshwa, na Asukile hathubutu kuuliza kwa nini.

MAFUNZO

Ndugu zangu, tunalaani mtu anayeficha mahindi wakati wa njaa, lakini anayeficha maarifa tunamchinjia kuku. Ukijua dawa ya kosa ambalo linawagusa wengi, itoe siku hiyohiyo, iandike, ifundishe, hata kama kesho watu hawatakuhitaji tena. Usiridhike kwa kuwa kwako kunakwenda vizuri kwa ujanja wako, wakati chanzo kimeachwa kiwale wengine. Na fundi mwenzako akikuuliza kama kuna jambo la kuangalia, mwambie ukweli. Asukile alitaka ahitajiwe. Walimhitaji kweli, siku nne nzima, na yeye alikuwa juu ya paa akiwasikilizia.