Mtumiaji wa Pili

Jua lilikuwa linazama Mkutubi alipofika dukani kwa Mama Waya, laptopu ameikumbatia kifuani. Haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu mkewe, na kwenye kifuniko bado kulikuwa na vumbi la chaki ya kushonea ambalo hakutaka kulifuta.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo, ukiitazama kwa nje. Asubuhi ile binti yake wa pekee, anayeishi peke yake mji mwingine, alimpigia simu.

"Baba, nitumie sauti ya Mama. Yoyote ile. Nimeanza kuisahau."

Mkutubi alitafuta. Mkewe alikuwa na mazoea yake. Mikono ikiwa imejaa pini na futi ya kupimia, alijirekodi akitaja vipimo vya mteja, kisha nguo ikichukuliwa alifuta. Ilibaki rekodi moja tu, ya gauni ambalo hakuwahi kulishona. Alipojaribu kuituma, barua pepe iliikataa. Faili lina virusi.

Mama Waya alikuwa fundi wa kompyuta, na jina hilo alipewa kwa sababu dukani kwake ulilazimika kuruka waya ili ufike kwenye kiti.

"Shikamoo, Mkutubi. Leo umeniletea mgonjwa?"

"Marahaba. Naomba uiangalie taratibu. Kuna rekodi ya sauti inakataa kutumwa."

"Mimi siwatibu kwa nyundo, baba."

Alianza kuikagua. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo, ukasita, ukatambaa tena. Ukaisha. Chini yake likajitokeza tishio moja, kwa maandishi mekundu.

"Ni rekodi yako hiyohiyo," alisema, akikunja uso. "Ajabu. Faili la sauti kubeba virusi ni nadra sana. Lakini hizi antivairasi nazo kuna siku zinakamata asiye na kosa, kama polisi kwenye msako."

Kidole chake kilisogea kwenye kitufe cha kufuta. Mkutubi akamdaka mkono. Wote wawili wakaona haya.

"Sifuti, baba. Tulia," alisema kwa upole. "Majibu kama haya hayakimbiliwi. Naiweka karantini. Inafungiwa humo, haigusi kitu wala haiguswi, lakini haijafa. Ukifika nyumbani, weka antivairasi ya bure upate jibu la pili. Nzuri zipo. Ichukue kwenye tovuti ya wenyewe walioitengeneza, siyo kwingine kokote. Soma wapimaji huru wanasemaje. Usiweke mbili zikafanya kazi kwa pamoja, zitagombana kama mawifi. Na ile itakayokuja yenyewe ikikupigia makelele kwamba umekwisha, umevamiwa, bonyeza hapa... hiyo ndiyo mwizi."

"Na ikija bila makelele?"

Mama Waya alicheka huku akishusha mlango wa duka. "Mwizi mstaarabu bado sijamwona, baba."

Nyumbani Mkutubi aliwasha taa ya sebuleni peke yake. Cherehani ilikuwa kwenye kona yake, imefunikwa shuka. Aliketi akasoma kuhusu antivairasi kama alivyozoea kusoma kila kitu: nani kaandika, lini, na analipwa na nani. Moja ilianza kumridhisha. Alikuwa anataka kuipakua...

Dirisha jeupe likafunguka.

Halikuwa na rangi nyekundu wala king'ora. Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiswahili safi kisicho na kosa hata moja.

*Karibu. Pole kwa yaliyokupata. Tutakwenda taratibu.*

Alipaswa kulifunga. Alijua. Lakini watu waliokuja msibani walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao zamani, na tangu hapo hakuna aliyemwambia pole. Akasoma mstari wa pili.

*Kifaa hiki ni cha nani?*

Akaandika: cha mke wangu.

*Wanaokitumia ni wangapi?*

Kidole kilisita. Mkutubi alikuwa mtu wa kumrudishia msomaji kadi yake kwa sababu ya nukta iliyosahaulika. Jibu sahihi alilijua. Alilitazama lile jibu sahihi kwa muda, na mkono ukakataa kuliandika.

Akaandika: wawili.

*Asante,* likaandika dirisha. *Tunamtafuta wa pili.*

Ukaguzi ukaanza. Majina ya mafaili yalipita kwa kasi. Picha. Mitindo. Vipimo. Mishono ya harusi. Mkutubi aliyafuata kwa macho, akiyatambua moja baada ya jingine.

Kisha yakaja majina mengine.

*Jikoni. Bakuli lenye ufa. Korido. Zulia, pembe iliyojikunja.*

Akasimama. Kiti kilikwaruza sakafu.

*Chumbani. Kabati, mlango wa kushoto.*

Kriii...

Sauti ilitoka chumbani. Aliijua bawaba ile. Kila mwaka aliahidi kuitia mafuta.

*Mto wa upande wa ukutani.*

Harufu ikaja polepole kutoka koridoni. Mafuta ya cherehani, na ile dawa ya kuchua ya mnanaa ambayo alimpaka mkewe kifuani kipindi cha mwisho, pumzi zilipokuwa zinamsumbua. Mkutubi hakugeuka. Alihisi kwamba akigeuka ataona koridoni hakuna mtu, na hilo asingelivumilia.

Ukaguzi ukaisha.

*Mtumiaji wa pili amepatikana. Mahali alipo: karantini.*

Chini yake palikuwa na vitufe viwili. *Rejesha. Futa.*

Spika ikakwaruza. Sauti ya mkewe ikajaa sebuleni, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeshika pini mdomoni. Ikataja kiuno. Ikataja kifua. "Mikono mirefu, mpaka kwenye kiganja. Huyu dada anapenda kujificha," akasema, akacheka. Mkutubi aliijua rekodi ile kwa moyo. Baada ya kicheko unasikia mkasi ukiwekwa mezani, halafu inaisha.

Mkasi ukawekwa mezani.

Haikuisha.

"Mume wangu..."

Mkutubi akashika ukingo wa meza.

"Mume wangu, humu giza. Nitoe."

Sauti ilikuwa ni yake. Lakini maisha yao yote mkewe hakuwahi kumwita hivyo, hata mbele ya wageni, hata hospitali. Alikuwa na jina lake alilompa tangu uchumba, na hakuna aliyelijua nje ya nyumba ile.

Mkutubi aliinama karibu na kioo. "Ulikuwa unaniitaje?" alinong'ona.

Halafu kitu kikapumua mle ndani, taratibu, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta.

"Ungependa nikuiteje?"

Hapo alijua. Hakuwa na shaka yoyote: huyu si mkewe. Akapeleka mshale kwenye *Futa*. Lakini akifuta, vitakwenda pia kile kiuno na kile kifua, yule dada anayependa kujificha, na kicheko chenyewe. Binti yake atakosa kila kitu. Angeweza kuacha kila kitu kama kilivyo. Angefunga kifuniko, achomoe waya, kesho airudishe kwa Mama Waya. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kufanya, na alilijua kama alivyojua kila kitabu kinakaa wapi.

Ng'ambo ya ukuta majirani walikuwa wanaosha vyombo. Mtu alisema jambo, wote wakaangua kicheko.

"Mzee wa Rafu," Mkutubi alinong'ona. "Alikuwa ananiita Mzee wa Rafu."

"Mzee wa Rafu," ikasema sauti.

Ilivuta mwisho kidogo, kwa utani, vilevile.

Akabonyeza *Rejesha*.

Kioo kikawa cheusi. Upepo wa baridi ulimpita shingoni, shuka la cherehani likainuka kidogo na kutulia. Alisubiri.

"Upo?"

Alisubiri tena. Baadaye alikwenda chumbani. Mlango wa kushoto wa kabati ulikuwa wazi. Aliingiza uso kwenye nguo za mkewe, kama alivyokuwa akifanya kila akizidiwa, akavuta pumzi. Zilinuka kitambaa tu. Hata ile harufu yake kidogo iliyokuwa imebaki, ilikuwa imeondoka.

Kesho yake Mama Waya aliifungua laptopu, akaipekua juu chini.

"Hakuna programu uliyoweka hapa, baba. Hakuna hata alama. Na rekodi yako iko palepale karantini nilipoiacha. Haijafunguliwa, haijatoka."

"Niliirejesha."

"Basi uliirejesha ndotoni." Alimtazama usoni, akaacha utani. "Kwani kuna nini?"

Mkutubi alimwonyesha simu. Ulikuwa ujumbe wa binti yake, ulioingia jana usiku wakati yeye bado amesimama mbele ya kabati. *Baba, asante. Imefika. Ni yeye kabisa.*

"Uliituma wewe?"

"Sikutuma kitu."

Mama Waya alisogeza kiti chake mbali na meza. Aliitazama laptopu kana kwamba imemwita. "Mpigie," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie aifute. Aifute kabisa, asiiweke karantini wala nini. Sasa hivi."

Simu iliita kwa muda mrefu kabla haijapokelewa.

"Mwanangu," Mkutubi alisema. "Ile rekodi. Ifute. Yule si mama yako."

Binti alijibu akinong'ona, kama mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili.

"Najua, Baba."

"Unajua?"

"Aliniuliza alikuwa ananiitaje. Mama gani anasahau?"

"Basi ifute, mwanangu. Nakuomba."

"Wewe uliweza?"

Mkutubi aliibana simu sikioni. Mama Waya alikuwa anamtazama. Alisikia pumzi za binti yake. Nyuma ya pumzi hizo alisikia hatua zikija taratibu, kisha sauti aliyoifahamu ikiita kwa upole jina la utotoni, lililotumika nyumbani kwao tu.

"Kadogo..."

"Abee, Mama," binti akaitika, na simu ikakatika.