Karatasi Isiyo na Neno

Kila alfajiri wanawake walipanga foleni mbele ya geti la kiwanda cha magunia. Walikuwa vibarua. Msimamizi alitoka na kalamu mkononi, akapita mbele yao. Aliyeelekezewa kalamu aliingia kazini. Aliyerukwa alirudi nyumbani. Kwa sababu hiyo walimwita Kalamu, lakini si mbele yake.

Bi Sindano alikuwa mjane. Alikuwa ameshona midomo ya magunia kwa miaka kumi na moja. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kwa hiyo Kalamu hakumruka. Nyuma yake alisimama mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe alikuwa mbali, akichimba mitaro ya mabomba, na alirudi nyumbani mara mojamoja.

Kalamu hakuchagua mwenye mimba. "Hapa si wodi," alisema. Basi wenye mimba walijifunga tumbo kwa kitambaa kizito, wakavaa gauni pana juu yake. Kalamu alipokaribia walibana pumzi. Wote walijua. Hakuna aliyesema.

Mwaka uliopita mkwe alijifunga hivyo mpaka mwezi wa nane. Siku moja aliinama kubeba mzigo wa magunia, akashindwa kuinuka. Mtoto alizaliwa stoo, juu ya magunia mapya. Hakulia. Bi Sindano ndiye aliyemfunika.

Sasa mkwe alikuwa na mimba tena, ya miezi miwili.

"Mama," alisema asubuhi moja, akikunja kitambaa kilekile, "na huyu nitamfunga?"

Bi Sindano alisali, kisha akatafuta karatasi.

Alimwandikia Spika wa Bunge, maana redioni alisikia hata mawaziri wakimwita Mheshimiwa. Alimsifu nusu ukurasa. Alimwombea afya. Mwishoni akaandika, "Tunaomba utuonee huruma." Wanawake arobaini wakatia sahihi na dole gumba kwenye karatasi nyingine. Karatasi hiyo haikuwa na neno hata moja juu ya majina. Walifanya hivyo makusudi.

"Kalamu akiikamata," walisema, "tutamwambia ni orodha ya waliokuja msibani."

Baada ya wiki tano barua ilirudi, ikiwa na mhuri wa Bunge na maelezo mafupi.

"Nilijua!" Bi Sindano akaibwaga mezani. "Mkubwa ni mkubwa tu. Amekula sifa zangu, akanirudishia karatasi."

Jirani yake alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa mzee aliyestaafu utarishi bungeni. Kwa miaka ishirini alibeba bahasha kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na mtaani walimwita Mzee Bahasha.

"Umesoma walichoandika," akauliza, "au umeona mhuri ukakasirika?"

"Soma wewe. Macho yangu yamejaa hasira."

Mzee akavaa miwani. "Wanasema mambo mawili. Kwanza, hamkusema mnataka Bunge lifanye nini. Pili, majina hayako kwenye karatasi yenye ombi. Hujafukuzwa, jirani. Umeonyeshwa mlango."

"Si nimesema atuonee huruma?"

"Huruma mtu anayo moyoni. Bungeni wanajadili sheria."

"Kwani Spika si bosi wao? Si angempigia simu Kalamu akamwambia, acha hayo?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Spika ampigie simu Kalamu! Spika anaongoza Bunge. Hatungi sheria peke yake, wala hamwamuru msimamizi wa kiwanda. Lakini ombi la wananchi likifika sawasawa, yeye ndiye anayelifungulia njia. Analipeleka kwenye kamati. Kamati inaita watu, inauliza, inaandika taarifa. Waziri anatakiwa ajibu. Akikwepa, Spika ndiye wa kumbana."

"Na sheria ya sasa inasemaje?" mkwe akauliza.

"Inampa mfanyakazi likizo ya uzazi. Wewe unaajiriwa asubuhi, jioni umekwisha. Kesho unaanza upya. Hata mama yako huyu na miaka yake kumi na moja, kwenye sheria ni mgeni aliyefika leo."

"Lete kalamu," Bi Sindano akasema.

Waliandika upya. Safari hii sifa hazikuwemo. "Sisi vibarua wa kiwanda cha magunia tunaliomba Bunge libadilishe sheria ya kazi. Kibarua aliyefanya kazi mahali pamoja kwa miezi sita ahesabiwe mfanyakazi. Apate likizo ya uzazi yenye malipo, kisha arudi kazini kwake." Chini wakaeleza yaliyotokea stoo. Maneno ya ombi wakayarudia juu ya kila karatasi ya majina.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza.

"Bi Sindano, mbona juu hapa kimetajwa kiwanda?" mwanamke mmoja akauliza.

"Ndiyo, kimetajwa."

"Kalamu akiona?"

"Ataona."

"Basi ngoja kwanza nimuulize mume wangu."

"Kwani mume wako ndiye anayejifunga tumbo?"

Wakacheka kidogo, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

Mkwe akaivuta karatasi. Aliandika jina lake lote, polepole, kwenye mstari wa kwanza. Bi Sindano akafuata. Ilipofika Jumamosi majina yalikuwa kumi na tisa. Wengine ishirini na mmoja waliogopa.

"Yanatosha," alisema Mzee Bahasha. "Sasa yanasema kitu."

Mbunge wao akaliwasilisha ombi bungeni, na Spika akalipeleka kwenye kamati.

Haikupita wiki, Kalamu akajua. Tangu siku hiyo alimruka mkwe, mwenye jina la kwanza, kila asubuhi. "Wewe nenda kaandike barua," alimwambia. Nyumbani wakawa wanapika mara moja kwa siku. Bi Sindano alishona zamu mbili, mpaka vidole vikapasuka. Alisali akiwa ameketi, kwa sababu magoti yalikataa.

Kamati ilifika mimba ilipokuwa ya miezi saba. Wabunge sita walisimama getini alfajiri, wakamwona Kalamu akichagua watu. Mwenyekiti akauliza, "Nani hapa amewahi kujifunga tumbo?"

Bi Sindano akainua mkono. Hata yeye, zamani. Mkono mwingine ukafuata, na mwingine. Hata wale waliokataa kutia sahihi waliinua.

Mtoto alizaliwa hospitalini. Alikuwa wa kike, na alilia kiasi kwamba mtaa mzima ungesikia. Lakini sheria ilikuwa bado. Siku moja walisikiliza redio pamoja na Mzee Bahasha. Waziri alisema jambo hilo bado linafanyiwa utafiti. Bi Sindano akashika kichwa.

Ndipo ikasikika sauti ya Spika. "Mheshimiwa Waziri, jibu hilo umetupa mara mbili. Taarifa ya kamati iko mezani. Leta muswada kabla kikao hiki hakijafungwa."

"Umesikia?" mzee akasema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Jambo lisilale."

Wabunge walipitisha sheria mtoto alipokuwa ameanza kukaa. Likizo haikumkuta mkwe. Alikuwa amekwisha kuzaa na njaa amekwisha kuivumilia. Alichopata ni kurudi kazini, jina lake likiwa daftarini.

Jioni moja Bi Sindano alirudi akiwa amechoka. "Leo mmoja amesimama foleni bila kulifunga tumbo lake," alisema. "Kalamu amemwandikia likizo. Uso ulikuwa mchungu, lakini ameandika."

Mkwe aliinua godoro, akatoa kile kitambaa.

"Kifue, mwanangu," Bi Sindano akasema. "Kizito hicho. Kitafaa kumbebea mtoto mgongoni."

"Hapana, mama. Hiki kilimbana mwenzake aliyetangulia."

Akakitia motoni. Kiliwaka polepole, kwa moshi mwingi. Wote wawili walitazama, wala hakuna aliyejifuta macho. Kilipokwisha, Bi Sindano alichochea moto uleule, akainjika uji wa mtoto.