Barua za Wake wa Keya

Buibui la Johari liliingia kwenye mnyororo wa baiskeli ya Koplo Matano katikati ya daraja la Nyali, saa kumi na moja ya jioni, wakati Kisauni nzima inarudi kutoka mjini. Lori likapiga honi nyuma yao. Akina mama wenye vikapu wakanung'unika.

"Dada, usivute! Ukivuta litapasuka."

"Wewe ndiye uliyeligonga, kisha waniamrisha mimi? Hapa si kambini."

Matano akapiga magoti juu ya mbao za daraja, kaptura yake ya khaki imenyooshwa kwa pasi ya makaa, akaanza kuichomoa nguo kidogo kidogo. Alikuwa Mdigo wa Likoni, mrefu, mwenye mwanya ambao alijua kabisa kuwa unampendeza. Chini ya buibui aliona ncha ya leso nyekundu, na kwapani mwa binti huyo furushi la karatasi na chupa ya wino.

"Karatasi zote hizi za nini?"

"Za chuo cha Kurani cha baba yangu. Na maswali yote haya ya nini?"

"Nataka kujua nilete wapi buibui jipya."

"Huna haya," Johari akasema, na akamtajia mtaa.

Hivyo ndivyo walivyooana, mwaka wa hamsini na nane, ingawa mamake Matano alikuwa na mipango mingine. Bibi yule alimtaka Mwanatabu, binti wa nduguye, msichana mwenye mkono mtamu wa kupika. Siku ya harusi Mwanatabu alimwekea bwana harusi sahani ya pilau, kisha akasimama pale kumtazama akila hadi punje ya mwisho. Johari aliyaona hayo kwenye upenyo wa pazia. Tangu siku hiyo akisikia jina la Mwanatabu, chai ilimshinda.

"Wamwonea wivu mtoto wa mjomba wangu?" Matano alimtania.

"Mimi? Wivu wa nini? Mwambie tu ajifunze kutazama sahani yake."

Miezi miwili baadaye kikosi cha Keya, jeshi la Mwingereza, kikapakiwa melini kwenda kisiwa cha Morisi kwa mwaka mzima. Matano akaondoka, na rafiki yake Ngowa akaondoka, na nyumba za kupanga zilizozunguka kambi zikabaki na wanawake watupu.

Wengi wao walikuwa wageni. Nekesa, mke wa Wafula, alitoka Bungoma, Kiswahili chenyewe alikijua nusu. Uchungu wa uzazi ulimshika mchana mmoja akiwa peke yake, na Johari akamsikia ng'ambo ya ukuta. Alimwita Kanze, mke wa Ngowa, Mgiriama wa Kaloleni mwenye mabega mapana na maneno machache. Wakamshika Nekesa huku na huku mpaka mtoto akalia. Nekesa akalia pia.

"Mama yangu yuko mbali sana," akasema.

"Sisi tu hapa," Kanze akamjibu. "Lia, kisha unywe uji."

Basi kila Alhamisi mchana wakawa wanakutana mkekani kwa Johari, wake saba. Aliyeugua alipikiwa. Aliyepata habari ya msiba kwao alisindikizwa mpaka stesheni. Na kwa kuwa Johari peke yake ndiye aliyejua kuandika vizuri, wote walimjia na barua zao. Mke husema, yeye huandika, kwa mwandiko wake wa kulala upande wa kulia na mikia mirefu ya herufi.

Waliwekeana sharti. Johari hatamwambia mtu yeyote, hata mumewe, kuwa ndiye mwandishi, maana mwanamume gani angependa mke wa koplo wake ajue mambo ya chumbani mwake? Kila mume mwingine aliambiwa kuwa anayeandika ni mama mmoja wa misheni. Na kwa adabu ya pwani, mke hamtaji mumewe kwa jina, wala haandiki lake. Barua zote zilianza kwa "Mume wangu" na kuishia kwa "Mimi wako." Johari akaapa. Na kiapo cha binti wa mwalimu wa chuo si maji ya kunawa.

Huko Morisi, asubuhi moja ya ukaguzi, Koplo Matano alifungua sanduku la Ngowa, akaona karatasi chini ya soksi. Aliujua mwandiko kabla ya kusoma neno. Kisha akasoma.

*Mume wangu, mvua inanyesha na paa linavuja upande wako wa kitanda. Nimejibana upande wangu. Lakini usingizini mkono huvuka wenyewe kukutafuta, hurudi umelowa. Mimi wako.*

Akaisoma tena. Ngowa ana mke, ndiyo, lakini Ngowa mwenyewe alimwambia kuwa mke wake hajui kuandika hata jina lake. Ngowa alikula harusini. Ngowa aliijua nyumba. Matano akaitia karatasi mfukoni, akafunga sanduku.

Angeuliza, mambo yangeisha siku ileile. Lakini kumwuliza mwanamume mwenzako kwa nini mkeo anamwandikia ni kujivua nguo sokoni, na Matano alikuwa mtu wa heshima zake. Aliacha kuandika nyumbani. Alisoma karatasi ile mpaka mikunjo ikatoboka, na kila aliposoma alichukia mara mbili: kwa kuwa ni ya Ngowa, na kwa kuwa ni tamu. Barua zake yeye kutoka kwa Johari zilisema, "Hatujambo. Baba anakusalimu. Mvua zimeanza." Ngowa alidhani panya wameila barua yake.

Meli iliporudi, wake saba walisimama Kilindini na leso mpya. Waume sita walishuka, wakapokewa. Wa saba alikuwa ameshuka kabla yao na kwenda kwa mamake, Likoni.

Johari alingoja siku moja, siku mbili. Siku ya tatu alikwenda duka la Mhindi lenye simu, akaomba apigiwe duka la kule Likoni, wamwitie Matano. Alingoja. Sauti iliyokuja ilikuwa ya kike.

"Nani?"

"Mimi mke wa Matano. Wewe nani?"

"Aa, Bi Johari! Mimi Mwanatabu. Amenituma nipokee mimi. Nilikuwa nampikia papa wa nazi."

"Mpe simu."

"Hataki. Ijumaa Maalim Mwinyihaji atakuja kumwandikia karatasi yako. Jikaze, dada."

"Karatasi gani? Kwa kosa gani?"

"Eti wajua mwenyewe. Ngoja, papa waniungulia."

Simu ikakatika. Johari alisimama ameshika mkono wa simu, amejaa hasira mpaka machozi yakakosa njia. Talaka! Na papa wa nazi juu yake! Alilia alipofika mkekani, na ilikuwa Alhamisi, wote sita wapo.

"Vaa buibui," Kanze akasema.

"Niende wapi? Nimbembeleze anayelishwa na Mwanatabu?"

"Hujaachwa bado. Vaa."

Wanawake saba na mtoto mgongoni walivuka daraja, wakaukata mji, wakapanda feri ya Likoni. Walimkuta Matano barazani amekaa na mamake. Mwanatabu alitoka jikoni na mwiko, kanga imekazwa kiunoni, vikuba vya asumini vinanukia shingoni. Johari alimtazama mara moja tu, na ilitosha.

"Shikamoo, mama," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Nambia kosa langu mbele ya watu."

Matano akatoa karatasi, akaitupa miguuni pake. "Mwandiko wa nani huu?"

Johari akaiokota. Akaisoma. "Wangu."

"Ulimwandikia Ngowa?"

Neno moja lingemwokoa. Lilikuwa ulimini kabisa. Lakini aliapa, na mwenye siri alikuwa amesimama nyuma yake, mbele ya mama mkwe na Mwanatabu na majirani waliokwisha kujaa uani. Johari akafumba mdomo. Machozi yakamtiririka.

"Mnaona?" Matano akawageukia majirani. "Hana jibu."

"Ishike wewe karatasi," Kanze akamwambia Matano.

"Wewe nani?"

"Mke wa Ngowa. Ishike. Ifuate kwa macho."

Kanze akajifunga leso vizuri, akatazama ukuta. Mashavu yalimwaka kwa haya. "Mume wangu, mvua inanyesha na paa linavuja upande wako wa kitanda. Nimejibana upande wangu. Lakini usingizini mkono huvuka wenyewe kukutafuta, hurudi umelowa. Mimi wako." Akamgeukia Matano. "Kuandika sijui. Lakini maneno hayo niliyatunga wiki nzima nikisaga mahindi. Mke wako alikuwa kalamu yangu. Kalamu yetu sote. Tulimwapisha asiseme, na umeona mwenyewe: hata leo hakusema."

Matano alitazama karatasi, akamtazama Kanze, ambaye hakukosea hata neno.

"Johari," akasema polepole. "Niwie radhi."

"Mwaka mzima umenihukumu na hukuniuliza!"

"Wivu uliniziba masikio. Lakini na wewe... kila mtu umemwandikia asali. Mimi ukanipa habari za mvua."

"Kwa sababu Kanze ana mimi wa kumwambia! Mimi nimwambie nani? Kila nikishika kalamu niandike yangu, namwona baba amesimama begani. Naona haya, Matano. Ninayo mengi hata sijui yanaingiaje kwenye karatasi."

Matano akanyanyuka. Akaichukua kalamu aliyokuwa amemwekea Maalim kwa kesho, akaigeuza ile karatasi yenye mikunjo, akakaa chini sakafuni miguuni pa mke wake, mbele ya wote.

"Basi sema," akamwambia. "Leo nakuandikia mimi."

Johari alifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Andika: Mume wangu, nimekukasirikia."

Akaandika.

"Nimekukasirikia, na kila siku nilikwenda posta nikidhani ipo barua yako, nikarudi mikono mitupu."

Akaandika, akapuliza wino ukauke.

"Na leo turudi Kisauni. Na tangu leo Mwanatabu asikupikie hata yai."

Matano akaandika hilo kwa herufi kubwa.