Mkono wa Kushoto wa Ottilie

"Haufiki, Wendelin! Mkono wangu haufiki!"

Ottilie aliipiga piano ngumi. Tangu asubuhi alikuwa akijaribu zile noti tatu za mkono wa kushoto, zinazotakiwa kulia kwa pamoja, na kila mara kidole chake cha mwisho kilikomea njiani, vibao viwili kabla ya noti ya chini.

Wendelin, mchumba wake na mtunzi wa muziki wenyewe, alikuwa dirishani akitazama theluji ikiyeyuka kwenye mapaa ya Leipzig.

"Zipige moja moja basi, mpenzi."

"Mbona hapa umeandika mwenyewe, 'zisivunjwe'?"

"Aa... nilitaka sauti nzito."

"Miaka mitano, Wendelin! Hujawahi kuniandikia wimbo bila kwanza kuulaza mkono wangu juu ya vibao na kuupima. Huu wa leo umepima mkono wa nani?"

Mwanaume akakohoa. Jamani, mwanaume akikohoa na mafua hana, jua kuna jambo.

"Muziki unakua, Ottilie. Na wewe kua nao. Jumapili unaupiga mbele ya wageni wa Bibi Krull, Pasaka ikipita tunaoana. Unataka nini tena?"

Ottilie alitaka kitu kimoja tu, asimpoteze. Kwa hiyo akarudia tena zile noti. Mapenzi yakikukaba hivyo, akili huwa ya kwanza kuondoka.

Siku ya pili, Shangazi Walburga aliyemlea akamkuta jikoni, amebana vizibo vya chupa za mvinyo katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, machozi yanadondokea supu ya viazi.

"We mtoto, umerogwa?"

"Vinatanua vidole, Shangazi. Vitafika tu."

"Vitafika wapi? Mtu mzima harefuki vidole! Mwambie huyo bwana aandike upya."

"Nikimwambia hivyo ataniona mdogo."

"Sasa asikuone mdogo kwa lipi, na ufagio umekupita urefu?"

Ottilie akacheka huku analia. "Nikishindwa Jumapili nimempoteza. Sijui kwa nini, ila najua."

"Mapenzi ya kuvunjana mifupa hayo, mwanangu, mimi siyajui."

"Bora nivunjike."

Shangazi akajaribu kumnyang'anya vizibo. Akaambulia viwili, vilivyobaki Ottilie akalala navyo. Kufikia Jumamosi vidole vilikuwa vimevimba kama soseji, na pete ya uchumba, iliyokuwa mkono huo huo wa kushoto ikingoja kuhamia wa kulia siku ya harusi, ilikuwa imezama kwenye nyama.

Jumapili mchana sebule ya Bibi Krull ilijaa watu, kahawa na keki. Wendelin aliketi mbele kabisa. Pembeni ya Ottilie, kazi yake kumfunulia kurasa, alikaa Adelheid, mwanafunzi wake, binti mrefu mwenye vidole virefu. Ottilie mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa Wendelin akafundishwe kutunga.

Akaanza kupiga. Alipiga vizuri, maskini, kwa mkono uliokuwa unawaka moto. Zile noti tatu zikawa zinakaribia. Jicho lake likaangukia mapaja ya Adelheid. Mkono wa kushoto wa yule binti, uliokuwa umetulia juu ya sketi, ukafunguka wenyewe, ukatanuka, ukakaa sawasawa na zile noti kabla Ottilie hajazifikia.

Na muziki ule Wendelin aliapa hajamwonyesha mtu mwingine yeyote.

Ottilie akaacha kupiga.

"Adelheid. Weka mkono wako hapa."

"Mwalimu, watu wanatuangalia..."

"Weka!"

Binti akauweka. Hata hakutazama vibao. Noti tatu zikalia kwa pamoja, nzito, nzuri mno.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi." Adelheid akaanza kulia. "Nilimwambia akueleze, Mwalimu, haki ya Mungu! Akasema baada ya leo. Akasema mimi muziki huo wote siuwezi bado, na jina lako ndilo linaloleta watu."

Wendelin akasimama, uso umemshuka. "Ottilie, twende tukaongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Nakupenda. Na huyu naye... sijui hata imekuwaje."

"Hilo la kupenda liache. Uliniona na vizibo, Wendelin. Ulikuja Alhamisi, ukaushika mkono huu, ukauona ulivyovimba. Kwa nini hukusema neno?"

Wendelin akatazama viatu vyake.

"Niliogopa utakataa kupiga."

Basi hapo ndipo Ottilie alipoangua kilio, mbele za watu na vikombe vyao. Akaanza kuivuta pete. Haikutoka. Akavuta tena, akauma meno, pete imeng'ang'ania.

"Ottilie, tafadhali! Iache!" Wendelin alisihi. "Labda ni ishara!"

"Ishara ya uvimbe," alisema Shangazi Walburga, akaja kutoka meza ya keki na kisahani cha siagi. "Lete mkono, mwanangu."

Akapaka, akazungusha, akapaka tena. Pete ikatoka na ngozi. Ottilie akaiweka juu ya kibao cha ile noti ya chini.

"Hapa nilishindwa kufika," alisema. "Atakayefika ataikuta."

Akatoka. Nyuma yake hakuna aliyethubutu kuigusa piano ile, hata Adelheid.

Barabarani upepo ulikuwa mkali. Ottilie akasimama, akauficha mkono kwapani.

"Shangazi, unauma."

"Najua unauma. Hebu."

Shangazi akaufunga kwa leso yake mwenyewe, wakaenda nyumbani bila kofia, maana walikuwa wamezisahau kwa Bibi Krull na hakuna aliyetaka kurudi.