Maneno Juu ya Kicheko

Mwisho wa mwezi, duka la kuchapisha kadi na mabango huwa halina pa kukanyaga. Mashine zinanguruma, wateja wanagombea kiti kimoja, na shangazi mwenye duka anahudumia huku akigomba. Katikati ya vurugu hizo msichana wa kompyuta, ndani ya gauni la bluu lililopigwa pasi likanyooka, aliinua macho akakutana na mwanaume mrefu mwenye sare ya kliniki, ameishika simu kifuani utadhani itaporwa.

"Dada, nimeambiwa wewe ndiye unayeandika juu ya picha zinazocheza."

"Inategemea picha inacheza nini."

Ilikuwa inacheza goti. Yule bwana alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wagonjwa wake wakishafika nyumbani husahau kila kitu. Kwa hiyo alikuwa amejirekodi picha fupi zinazojirudia, akikunja mguu na kuunyoosha. Alitaka kila hatua iwe na neno lake: kunja, shikilia, pumua, shusha.

"Lazima ninunue programu?"

"Za bure zimejaa mtandaoni, ila nyingine zinakugongea nembo yao katikati ya uso. Sogea uone."

Akasogea. Msichana aliifungua picha, ikajipanga upande wa chini wa kioo cha kompyuta vipande vipande, kila kipande mguu umekunjika zaidi kidogo. Akaandika "shikilia," akalivuta neno lianze goti linapokunjika na kuondoka linapoanza kunyooka. Herufi akazipa weupe na ukingo mweusi.

"Suruali nyeupe, ukuta mweupe. Bila ukingo, unataka wazee wa watu wasome kwa kupapasa?"

Alipobonyeza, goti likacheza na maneno yake. Mtaalamu akacheka peke yake kama mtoto. Alisifia vile vidole vyepesi, akavisifia tena, na msichana akang'amua kwamba hakuwa akitazama vidole tu.

Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kuja. Leo bega, kesho kiuno, mpaka shangazi akauliza kwani binadamu ana viungo vingapi. Jioni nako simu hazikukauka.

"Umekula, Bi Maandishi?"

"Nimekula, Bwana Magoti. Na wewe?"

"Mimi nasubiri kualikwa."

"Basi utakonda."

Utani ulikuwa mdomoni, moyo ulishakwenda. Ulikwenda siku aliyopeleka kazi kliniki akamkuta amemshika mzee mmoja kiwiko, wanavuka chumba hatua kwa hatua, naye hana haraka hata chembe, anamwita baba kama baba yake wa kumzaa. Msichana alisimama mlangoni na bahasha yake, akasahau kilichomleta.

Jambo moja tu alilikataa: kupigwa picha. Mchumba wake wa zamani aliwahi kuichukua picha yake akicheka, mdomo wazi, akaibandika maneno ya kejeli na kuisambaza kwa marafiki. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mtaalamu alipoelezwa hayo, aliiweka simu yake mezani.

"Bila ruhusa yako, mpenzi, sitapiga picha hata kivuli chako."

Ruhusa aliitoa mwenyewe, Jumamosi moja kwenye chumba cha mazoezi, aliposimama kwa mguu mmoja juu ya mto laini na kumwambia arekodi. Akayumba, akaanguka kwenye godoro, akicheka tangu mwanzo hadi mwisho.

"Naomba hii niiandike mwenyewe," mtaalamu alisema. "Wa kuiona utakuwa wewe tu."

Jumatatu picha ikaingia kwenye simu. Haikucheza. Alijiona ameganda juu ya mto, mguu juu, mdomo wazi, macho yamefumbwa, na chini yake maneno mawili: MWONE HUYU.

Hakuuliza, hakujibu. Simu ikaita, akaikata. Baadaye ukaja ujumbe: "Kama jibu ni hapana, niambie tu, sitakasirika." Jibu la nini tena, alijiuliza kwa uchungu, na kejeli nayo inahitaji jibu? Mtaalamu alipofika dukani, shangazi akamwambia binti katoka, na binti yuko nyuma ya rafu ya karatasi, anauma kidole asisikike. Alimsikia akiaga kwa adabu na kuondoka.

Siku zikapita, kazi ikaendelea. Kisha mama mmoja akaja na simu yake.

"Mwanangu, picha ya mjukuu wangu haichezi. Nyumbani niliiandika vizuri, anapiga makofi kabisa."

"Umeihifadhi kama picha ya kawaida, mama," msichana alijibu bila kuinua macho, kama anavyowajibu wote. "Ukibonyeza hapo, kinabaki kipande cha mwanzo na maneno ya mwanzo. Yanayofuata yote..."

Akainua macho. Akasimama.

"Shangazi, mhudumie mama."

Alimkuta mtaalamu kliniki akikunja mashuka.

"Nionyeshe ile picha. Kwenye kompyuta yako."

"Si uliiona?"

"Nionyeshe."

Akaifungua. Msichana kwenye kioo akayumba: MWONE HUYU. Akatua godoroni: ANAANGUKA NA BADO ANACHEKA. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe, na maneno ya mwisho yakatokea: NATAKA NIZEEKE NAYE. Herufi nyeupe, ukingo mweusi, kila neno mahali pake.

"Ulinitumia mdomo wazi na maneno mawili," alisema, machozi yakimtoka.

Mtaalamu alitazama simu yake, akashika kichwa. "Na mimi nikajua umenikataa."

"Nikajua umenicheka. Kosa ninalowarekebishia watu kila siku, lako nikashindwa kuliona. Nilipaswa kukuuliza. Nisamehe."

"Nisamehe mimi niliyebonyeza pasipotakiwa. Niifute?"

Aliitazama tena ikijirudia. Kile kicheko kilikuwa kizuri. Hakuna aliyewahi kumwonyesha hivyo. Akavuta kiti, akaihifadhi inavyotakiwa, akaiingiza kwenye simu yake na kuituma.

"Umemtumia nani?"

"Mama."

Hata hawajasema lingine, simu ikaanza kuita. Msichana aliitazama, akamkabidhi. Bwana akanyoosha kola, akasimama wima.

"Shikamoo, mama," alisema. "Ndiyo, mama. Ni mimi niliyeyaandika."