Eda Niachie Mwenyewe

Sokoni Burnsville, huko ughaibuni, sikukuu imekaribia na watu wamejaa tele, Swafiya, na abaya lake la zambarau, alisukumwa akaangukia meza ya Fahim, muuza manukato. Chupa ikavunjika, ikammwagikia.

"Usinilipe," Fahim akasema. "Ila mtu akikwambia unanukia, mwambie nimekupaka mimi."

Tangu hapo simu hazikukatika. Posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Halafu, ghafla, Fahim kimya. Simu inaita tu. Swafiya akalia, akamtukana moyoni, akaapa kwamba bwana yule kapata mwingine.

Kumbe mwenzake yuko hospitali Saint Paul. Raisa, dadake Fahim, ndiye aliyempigia kumwambia: kifuko cha nyongo kimevimba kwa usaha, na ule moyo wake mbovu wa tangu utotoni hauwezi kisu kwa sasa. Madaktari wamempitishia mpira wenye kamera mdomoni, wakaacha kimrija ndani cha kuutoa usaha. Akipata nguvu ndipo watampasua.

Swafiya aliendesha gari mpaka hospitalini. Alimkuta macho ya manjano, midomo imekauka. Akakaa kando yake, mkono wa Fahim u karibu pale kitandani na si halali yake kuushika.

"Posa nairudisha," Fahim akasema. "Upasuaji bado, na daktari hakunificha. Nikikuoa kisha nife, nitakukalisha eda. Msichana kama wewe, ufungiwe ndani kwa ajili yangu?"

Hofu ya Swafiya ikatoka kama hasira.

"Eda niachie mwenyewe. Ukifa mimi si mkeo, nitakuja matangani kama nani? Kama jirani?"

Fahim akageuza uso ukutani. Alipougeuza tena, alimwomba Raisa, aliyekuwa mlangoni, ampigie ami yake Swafiya, aliye walii wake.

Fahim aliporuhusiwa kutoka hospitali, ndoa ilifungwa sebuleni kwa ami, Eagan, bwana harusi amekumbatia mto tumboni. Hawakungoja sherehe. Nguvu zilipomrudia, siku ya kisu ikafika.

Swafiya alingoja nje ya chumba cha upasuaji. Kila mlango ukifunguka alijiona amevaa nguo za eda. Mwishowe muuguzi akatokea, akauliza nani yuko na Fahim.

"Mimi. Mkewe," akajibu, akainuka.

Akapelekwa ndani. Fahim alikuwa amefumba macho. Swafiya akaushika ule mkono. Ulikuwa na joto.

"Unanukia," sauti ikatoka, nyembamba. "Nani kakupaka?"

"Mume wangu," Swafiya akasema, ndipo akalia.